Shajara ya mradi: kuusafisha wasifu wa Golda Meir

Jumatatu

Nimeanza. Makala ya Golda Meir katika kamusi elezo yetu ya Kiswahili ni fupi, haizidi kurasa mbili za daftari, lakini nimeichapa kwenye karatasi na kalamu nyekundu imefanya kazi kuliko nilivyotarajia. Sentensi ya kwanza peke yake nimeizungushia mara tatu: "Golda Meir alikuwa Mama wa Chuma aliyezaliwa Ukraine na kuwa rais wa kwanza mwanamke wa Israeli."

Rais hakuwa kamwe. Israeli ina rais, lakini kazi yake ni ya heshima zaidi, na anayeendesha serikali ni waziri mkuu. Namwelewa aliyeandika. Kwetu mwenye nchi ni rais, na waziri mkuu ni mtu wa kutumwa Dodoma akajibu maswali ya wabunge. Mkono ulimteleza ukafuata mazoea. Golda alikuwa Waziri Mkuu wa nne, kuanzia 17 Machi 1969 hadi 3 Juni 1974, na mpaka leo ndiye mwanamke pekee aliyeshika nafasi hiyo kule. Kabla yake duniani walikuwa wawili, Sirimavo Bandaranaike wa Sri Lanka (1960) na Indira Gandhi wa India (1966).

Ukraine: alizaliwa Kyiv, 3 Mei 1898, na mji huo ulikuwa ndani ya Dola la Urusi. Nimeandika "Kyiv, Dola la Urusi (leo Ukraine)". Ni ndefu kidogo lakini haimdanganyi mtu.

"Mama wa Chuma" nimeliondoa kwenye sentensi ya kwanza. Ni sifa, na sifa haitangulii kazi. Kama kuna pa kuliweka, litakaa chini, pamoja na waliomwita hivyo.

Jumanne

Utoto wake. Hapa makala ilikuwa na sentensi moja: "Alikulia Marekani katika familia maskini." Basi, ikaruka moja kwa moja mpaka 1948. Miaka hamsini imemezwa na nukta!

Nimeijaza. Baba yake, Moshe Mabovitch, alikuwa seremala. Alitangulia Marekani mwaka 1903, mama na mabinti watatu wakarudi kwa ndugu Pinsk kumsubiri, na 1906 wakaungana naye Milwaukee, jimbo la Wisconsin. Mama alifungua duka la vyakula. Alfajiri alipokwenda sokoni kununua bidhaa, Golda wa miaka minane ndiye aliyesimama nyuma ya kaunta, na kwa sababu hiyo alichelewa shule karibu kila siku. Nimeiacha habari hii kwa makusudi. Mtoto wa duka la Manzese au Kongowea akiisoma atamjua Golda haraka kuliko kwa aya nzima ya vyeo.

Mwaka 1913 wazazi walitaka aache masomo na aolewe. Alitoroka usiku akaenda Denver kwa dada yake Sheyna. Huko ndiko alikokutana na Morris Meyerson, akaolewa naye 1917, na 1921 wakahamia Palestina, kwenye kijiji cha ujamaa cha Merhavia. Hapo mwenzangu wa Mombasa akanipigia simu: "Dada, ukiandika kijiji cha ujamaa, Mtanzania ataona Nyerere." Ni kweli. Kibbutz walijiunga watu kwa hiari yao, na mali yote ilikuwa ya pamoja tangu jembe hadi shati. Vijiji vyetu vya miaka ya sabini wengi walihamishiwa kwa amri, na kila mtu alilala kwake na kuku wake. Nimeandika "kibbutz, makazi ya kilimo ambamo mali ni ya wote", nikaacha ujamaa upumzike.

Jumatano

Leo nimekwama kwenye neno moja siku nzima: Mwisraeli.

Makala ilisema: "Mwaka 1938 Mwisraeli huyu aliiwakilisha Israeli katika mkutano wa Évian." Mwaka 1938 hapakuwa na nchi inayoitwa Israeli. Golda alikwenda Évian, Ufaransa, akiwa mtazamaji wa Wayahudi wa Palestina, hakuruhusiwa hata kusema, na alikaa kimya huku wajumbe wa nchi moja baada ya nyingine wakieleza kwa nini hawawezi kupokea wakimbizi wa Kiyahudi kutoka Ujerumani na Austria. Palestina yenyewe ilikuwa eneo la udhamini chini ya Uingereza. Hili msomaji wetu halihitaji maelezo marefu, kwani Tanganyika nayo Waingereza walikabidhiwa kwa mtindo huohuo baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Nimeongeza nusu sentensi kusema hivyo.

Lakini tatizo la neno ni kubwa kuliko Évian. Kwa Kiswahili, Waisraeli ni wale wa Musa waliovuka bahari, na Waisraeli ni raia wa nchi ya leo wenye pasipoti. Neno ni moja. Mtu aliyelelewa na Agano la Kale akisoma "Waisraeli waliingia Sinai" haoni mwaka 1967, anaona mana. Halafu kuna wanaoandika "Myahudi" kila mahali kana kwamba ni jina la uraia, ilhali raia wa Israeli wamo Waarabu pia, Waislamu na Wakristo. Tumekubaliana hivi: Myahudi kwa dini na asili, Mwisraeli kwa raia baada ya 14 Mei 1948, na hakuna Mwisraeli yeyote kabla ya tarehe hiyo isipokuwa makala inamzungumzia Musa.

Alhamisi

Majina. Picha ya zamani ilikuwa na maelezo: "Golda Meir akitia saini Azimio la Uhuru, 1948." Mwenye kutia saini siku ile Tel Aviv alikuwa Golda Meyerson. Meir alilichukua 1956 alipokuwa Waziri wa Mambo ya Nje, maana Ben-Gurion, Waziri Mkuu wa wakati ule, aliwataka viongozi wawe na majina ya Kiebrania. Watia saini walikuwa 37, wanawake wawili tu, yeye na Rachel Cohen-Kagan.

Nilitaka kuandika Meyerson mpaka 1956 kisha Meir. Mwenzangu akakataa: msomaji wa simu atadhani ni watu wawili. Nimemsikiliza. Mwili wa makala unasema Meir mwanzo hadi mwisho, kuna aya fupi ya majina juu, na maelezo ya picha yanataja jina la wakati ule.

Cheo cha Moscow nacho. Makala ilisema "balozi". Alikuwa mwakilishi wa kwanza wa Israeli katika Umoja wa Kisovyeti, 1948 hadi 1949, lakini ofisi haikuwa ubalozi kamili, na cheo chake kilikuwa cha mjumbe. Nimesahihisha ingawa najua hakuna atakayenishukuru.

Kisha mkutano wake na Mfalme Abdullah wa Transjordan, Mei 1948, siku chache kabla ya vita. Alikwenda Amman kwa siri, amejigeuza mwanamke wa Kiarabu. Mtu alikuwa ameandika "alivaa buibui". Nikacheka peke yangu, kwa sababu niliiona picha mara moja: Golda anashuka Forodhani. Buibui ni letu, lina pwani yake na namna yake ya kufungwa. Yeye mwenyewe katika kumbukumbu zake za 1975 anaeleza nguo nyeusi pana za kike za Kiarabu, na ndivyo nilivyoandika.

Ijumaa

Dakika tano tu leo. Kuna mhariri mwenye heshima zake amepita kila mahali akageuza "Meir" kuwa "Bibi Meir". Nia njema, lakini nchini Israeli Bibi ni Benjamin Netanyahu, ndilo jina lake la utani, na tayari kuna msomaji ameuliza kama hao wawili ni ndugu. Nimetengua. Hatumwiti Churchill Babu.

Jumatatu, wiki ya pili

Siku ya nukuu. Niliiogopa na nilikuwa na sababu.

Makala ilikuwa na mstari mmoja ulionukuliwa kwa herufi nzito: "Hakuna Wapalestina." Chini yake, jina lake na mwaka 1969. Wahariri wawili walikuwa wamepigana juu ya mstari huo kwa mwaka mzima, mmoja akiufuta, mwingine akiurudisha, na hakuna kati yao aliyetafuta alichosema.

Alichosema kilichapishwa katika Sunday Times la London, 15 Juni 1969, miezi mitatu tangu ashike uongozi. Alitumia wakati uliopita. Hakukuwa na kitu kinachoitwa Wapalestina, alisema, na akauliza ni lini palikuwa na watu huru wa Palestina wenye dola yao. Akaendelea kwamba haikuwa kana kwamba palikuwa na watu wa Palestina wanaojihesabu hivyo, wao wakaja wakawafukuza na kuwanyang'anya nchi. Akamaliza: hawakuwepo.

Mwaka 1976 aliandika katika New York Times kwamba amesingiziwa, kwamba hakusema hakuna Wapalestina, bali kwamba hakuna taifa la Palestina, wapo wakimbizi wa Kipalestina.

Sasa hapo ndipo Kiswahili kinaponitoa jasho. Neno alilolitumia, lile lenye maana ya jamii inayojitambua kuwa moja, kwetu linakuwa ama "watu" ama "taifa". Nikiandika "watu", namfanya aseme kwamba nchi ilikuwa tupu, hapana mtu aliyelima wala kufua nguo. Nikiandika "taifa", nimempangusa uso, inakuwa hoja ya kisheria juu ya dola, na ile "hawakuwepo" ya mwisho inabaki inaning'inia bila mwenyewe. Mwenzangu alitaka "taifa" kote. Mzee wa kundi letu alitaka "watu" kote. Nilijaribu "umma", mzee akaniambia msomaji atawaza Umma wa Kiislamu, na alikuwa na haki.

Tulichokubaliana mwishowe: maneno ya 1969 yana "watu" na "hawakuwepo" kama yalivyochapishwa, bila kulainisha, maana aliyesema kwa kinywa chake alisema hivyo. Maneno ya 1976 yana "taifa", maana ndiyo tafsiri aliyoitaka yeye mwenyewe. Nukuu zote mbili zina tarehe na gazeti. Baada yake, sentensi moja kavu: katika vita vya 1948 Wapalestina zaidi ya 700,000 walikimbia au walifukuzwa makwao. Hakuna "hata hivyo", hakuna "kwa masikitiko", hakuna "kwa kweli". Nimefuta pia kichwa cha habari "Utata", kile kikapu ambacho kila makala ya mwanasiasa hutupia takataka zake. Kauli ya 1969 sasa imekaa ndani ya 1969.

Saa sita usiku nimeisoma tena. Mtu wa upande wowote ataumia mahali fulani, na sina la kufanya.

Jumanne

"Mwanamume pekee katika baraza la mawaziri." Makala ilisema Ben-Gurion alimsifu Golda hivyo, na kwa Kiswahili sentensi hiyo ina njia rahisi mno. Kwetu mama jasiri husemwa ana moyo wa kiume, wasomaji wanaitikia kwa kichwa na kupita.

Lakini Golda mwenyewe katika kumbukumbu zake anaitaja kama hadithi iliyozagaa nchini, na kwa kadiri alivyojua ilikuwa hadithi tu. Kilichomchekesha ni kwamba waliotunga waliona ndiyo sifa kubwa kuliko zote. Anatia shaka kama mwanamume yeyote angefurahi kuambiwa ni mwanamke pekee serikalini. Kwa hiyo nimeiacha, lakini kama hadithi, na jibu lake likiwa pembeni. Nikiri kwamba ndiyo sehemu niliyoipenda kuliko zote, na labda ndiyo sababu imezidi urefu kwa mistari miwili.

Jumatano

Vita vya 1973. Kwanza jina. Waisraeli wanaviita vya Yom Kippur, siku ya toba ya Wayahudi, Waarabu wengi wanaviita vya Oktoba au vya Ramadhani, na kwa kweli 6 Oktoba 1973 ilikuwa Yom Kippur na mwezi 10 Ramadhani kwa pamoja. Nimesikia wazee wa Tanga wakisema "vita vya Ramadhani" bila kufikiri mara mbili. Kichwa cha sehemu sasa ni "Vita vya Oktoba 1973", na majina mengine mawili yamo kwenye mstari wa kwanza.

Makala ilisema aliondolewa madarakani kwa kushindwa vita. Uongo mara mbili ndani ya maneno matano. Vita vilianza kwa Israeli kushtukizwa na Misri na Syria, vikamalizika majeshi ya Israeli yakiwa yamevuka Mfereji wa Suez, baada ya vifo vya wanajeshi wake zaidi ya 2,500. Asubuhi ya siku ile, kabla bunduki hazijalia, Golda alikataa kushambulia kwanza, ila akaamuru askari wa akiba waitwe. Uchaguzi wa 31 Desemba 1973 chama chake kilipungua viti, kutoka 56 hadi 51, lakini kilishinda. Tume ya kuchunguza vita, iliyoongozwa na Jaji Agranat, ilitoa ripoti yake ya awali 1 Aprili 1974. Ikamtwika lawama mkuu wa majeshi David Elazar na wakuu wa upelelezi wa kijeshi, ikamwacha Golda na waziri wake wa ulinzi Moshe Dayan. Watu hawakukubali. Waandamanaji walikuwa nje, wengi wao askari waliorudi vitani. Tarehe 11 Aprili alijiuzulu, akashikilia kiti kwa muda tu hadi 3 Juni.

Kwa hiyo hakuondolewa. Aliondoka, baada ya kushinda uchaguzi na kusafishwa na tume. Hapo ndipo palipo na habari, na ndipo palipokuwa pamefutwa.

Alhamisi

Ugomvi wa Entebbe.

Makala yetu, bila haya, ilisema Golda aliwatuma makomando Entebbe, uwanja wa ndege wa Uganda, kuwaokoa mateka. Nikafuta. Saa moja baadaye mzee wa kundi akarudisha. Nikafuta tena nikaweka maelezo: uvamizi ulikuwa usiku wa 3 kuamkia 4 Julai 1976, Waziri Mkuu alikuwa Yitzhak Rabin, Waziri wa Ulinzi Shimon Peres, Golda alikuwa ameshaondoka miaka miwili. Mzee akaandika: "Mwanangu, mimi nilikuwa Kampala mwaka ule. Wewe ulikuwa wapi?"

Sikuwa nimezaliwa. Nikamjibu kwa adabu: "Shikamoo mzee. Naamini ulikuwepo na ndege ulizisikia. Lakini kwenye gazeti la siku ile jina lilikuwa nani?" Akakaa kimya mpaka jioni. Kisha: "Marahaba. Rabin. Ila redioni tulisema Golda." Basi nikaelewa. Kwa kizazi chake Golda ndiye alikuwa Israeli yenyewe, jina lake likawa la serikali nzima hata baada ya yeye kuondoka. Mzee amekubali kuandika sehemu ya Entebbe kwenye makala ya Rabin, pamoja na ndege zilivyotua Nairobi kuongeza mafuta wakati wa kurudi.

Ijumaa

Afrika, sehemu ambayo haikuwepo kabisa, na hapa wasomaji wetu wana haki ya zaidi. Akiwa Waziri wa Mambo ya Nje alizuru Ghana na Liberia 1958, na Kenya alifika 1963. Machakos palikuwa na chuo cha ustawi wa jamii kilichoanzishwa na Kenya na Israeli. Haifa, kituo cha Mlima Karmeli kilifunguliwa 1961 kuwafunza wanawake wa Afrika na Asia.

Rasimu ya kwanza niliyoandika ilisomeka kama kadi ya shukrani. Nimeongeza sababu. Israeli haikualikwa kwenye mkutano wa nchi za Asia na Afrika wa Bandung 1955, ilizungukwa na majirani wasioitambua, na kila nchi mpya ya Afrika ilikuwa kura moja Umoja wa Mataifa. Msaada ulikuwa wa kweli na haja ilikuwa ya kweli.

Kisa cha Zambia nimekiweka kwa tahadhari. Oktoba 1964, kwenye sherehe za uhuru, wageni walipelekwa kuona Maporomoko ya Victoria, na upande wa Rhodesia polisi wakawazuia Waafrika wasishuke kwenye basi. Golda akasema kama ni hivyo, naye haingii Rhodesia. Anayesimulia ni yeye mwenyewe, kwa hiyo sentensi inaanza "Kwa maelezo yake". Halafu mwisho wa sehemu: Uganda ilivunja uhusiano 1972, Tanzania na Kenya 1973. Chuo na bendera havikuzuia.

Jumamosi

Picha. Zilikuwepo mbili za kuchagua: moja ya 1973 Washington, uso umetulia, nywele zimefungwa nyuma kama kawaida yake, na nyingine ana sigara mkononi, moshi umeuziba uso nusu. Ya sigara ni nzuri kuliko. Alivuta sana, ni kweli. Lakini ukiiweka juu, kila sentensi itasomwa kupitia moshi ule. Ya Washington imekwenda juu, ya sigara imebaki nje.

Ya tatu naitafuta bado: umati nje ya sinagogi la Moscow, Oktoba 1948, Golda katikati hawezi hata kuinua mkono. Picha hiyohiyo ilichorwa nyuma ya noti ya shekeli 10,000 ya mwaka 1984. Noti tumepata, picha yenyewe tunasubiri kuhakikisha haki zake.

Makala imepanda saa tisa alasiri. Saa tisa na nusu mtu amerudisha "Bibi".